Mabingwa wa Baghdad na Elimu ya Tadbiri katika Sataranji

Inasimuliwa kwamba Khalifa al-Maamun, ambaye amri yake ilienea tangu mipaka ya Bara Hindi hata upande wa Maghribi, alikuwa mchezaji hafifu wa sataranji, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akistaajabu jinsi alivyoweza kuiendesha dola kubwa namna ile akashindwa na kete 32 juu ya ubao usiozidi dhiraa mbili kwa mbili. Laiti angaliishi miaka michache zaidi baada ya mwaka 833 alipofariki, huenda angalipata kitabu cha kumfundisha. Maana ni katika majlisi za makhalifa wa Bani Abbas, kwa kadiri maandishi yanavyotuonyesha, ndipo mchezo huu ulipoanza kushikwa kama elimu yenye kanuni zake, isiyotegemea bahati wala wepesi wa jicho peke yake.

Wa kwanza ambaye habari za kitabu chake zimetufikia ni al-Adli, bingwa wa katikati ya karne ya 9. Kitabu chenyewe kimepotea, lakini waliomfuata walinakili mengi yaliyokuwamo. Sataranji ya zama hizo haikuwa hii tuichezayo leo. Mahali pa malkia palikuwa na waziri, aliyekwenda nyumba moja tu kwa mshazari, na mahali pa askofu palikuwa na tembo, ambaye kwa kuwa aliruka nyumba ya pili kwa mshazari, hakuweza maisha yake yote kukanyaga ila nyumba nane katika zile 64. Mabingwa wakazipima kete hizo kwa thamani ya dirhamu: ngome dirhamu nzima, farasi thuluthi mbili, waziri kama thuluthi moja. Askari wa katikati ya ubao walimpa robo, na yule wa ukingoni thumuni. Shaha hakutiwa bei, kwani akienda yeye hapana tena mchezo. Watu husoma orodha hii kama kioja cha kale, nami naiona kuwa ndiyo kanuni ya kwanza ya tadbiri iliyopata kuandikwa, kwa sababu askari wawili wa umbo moja na mwendo mmoja wamepewa bei mbalimbali kwa ajili ya mahali waliposimama. Mwanafunzi wa leo huambiwa aishike katikati ya ubao asijue kwamba neno hilo lilikwisha kuhesabiwa kwa fedha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Na kwa kuwa kete zilikuwa na mwendo mfupi, majeshi mawili hayakukutana upesi, na mchezaji alipata nafasi ya kupanga safu zake kwa hatua nyingi kabla ya kupambana. Mpango huo waliuita taabia, na kila taabia ilikuwa na jina lake na watu walioipenda. Aliyefika upeo katika fani hiyo ni Abu Bakr Muhammad bin Yahya as-Suli, mtu wa adabu na tarikh, nadimu wa makhalifa na mwalimu wa yule aliyekuja kutawala kwa jina la ar-Radi. Alipoingizwa kwa al-Muktafi, aliyeshika ukhalifa kuanzia mwaka 902 hadi 908, alimkuta huko bingwa mpenzi wa khalifa, al-Mawardi. Wakachezeshwa mbele ya hadhara, na khalifa, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa mtu wake, akawa anampigia makelele ya kumtia moyo waziwazi, hata as-Suli akababaika mwanzoni. Kisha akatulia, akamshinda mwenziwe ushindi usio na shaka, na khalifa, kwa insafu ambayo si kawaida ya wakubwa, akageuza mapenzi yake papo hapo.

As-Suli alikitia ila kitabu cha al-Adli, akaandika chake, na akaacha fumbo moja la shaha na waziri kila upande, akidai kwamba hapana awezaye kulifumbua ila aliyefundishwa na yeye. Dai hilo lilisimama zaidi ya miaka elfu, mpaka miaka ya 1980 Yuri Averbakh wa Urusi, bingwa mkuu wa elimu ya miisho ya mchezo, alipolifumbua. Mwanafunzi wake as-Suli, al-Lajlaj, aliandika uchambuzi wa taabia hatua kwa hatua, akieleza kwa nini hii hufuata ile. Na kitabu cha namna hiyo, kinachotoa sababu, ni adimu hata leo.

Mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania, waziri aligeuzwa malkia mwenye kuvuka ubao mzima, tembo akawa askofu, na taabia za Baghdad zikabatilika kwa mara moja. Mchezo ukawa wa haraka na wa hila, na kwa miaka mingi watu wakapenda mapigo ya ghafula kuliko mpango. Ndipo mwaka 1747 walipokutana jijini London watu wawili waliokuwa kama zama mbili: Philipp Stamma wa Halab katika Shamu, mkalimani wa lugha za Mashariki katika serikali ya Kiingereza, aliyekwisha kuchapisha mafumbo 100 ya miisho mizuri ajabu, na kijana Mfaransa François-André Danican Philidor, ambaye kazi yake hasa ilikuwa muziki. Philidor alikubali kwamba sare zote zihesabiwe ushindi wa Stamma, na hata hivyo akashinda michezo minane katika kumi. Miaka miwili baadaye akatoa kitabu kilichofundisha kwamba askari, hao wadogo wanaotolewa kafara bila majuto, ndio roho ya mchezo: wakienda bega kwa bega wana nguvu, wakitengana huwa mzigo kwa kete zinazowalinda. Alizidisha, bila shaka. Alifika kumlaumu anayemtoa farasi mbele ya askari wa askofu, jambo ambalo kila bingwa wa leo hulifanya bila wasiwasi. Lakini kutoka kwake ndipo tulipojifunza kutazama safu ya askari kwanza.

Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague, katika ujana wake alikuwa mshambuliaji kama wenziwe, mpaka alipogeuza mwendo kuanzia mashindano ya Vienna mwaka 1873. Alifundisha kwamba shambulio halina haki ya kufaulu ila pale mizani ilipokwisha kuinama, na kwamba mizani huinamishwa kwa vitu vidogo vidogo: nyumba dhaifu isiyo na askari wa kuilinda, maaskofu wawili kwa mmoja, njia iliyo wazi kwa ngome. Mwaka 1886, katika mashindano ya ubingwa wa dunia dhidi ya Zukertort huko Marekani, alipoteza michezo minne katika mitano ya mwanzo, na walioziona kanuni zake kuwa ni ukaidi wakadhani wamepata ushahidi. Akamaliza kwa kushinda 10, kushindwa mitano na sare mitano. Alifariki New York mwaka 1900 katika ufukara, na aliyekuja kuzieleza kanuni hizo kwa urefu, na kumpa mzee haki yake mbele ya wasomaji, ni Emanuel Lasker, yule yule aliyemvua ubingwa mwaka 1894.