Wapagazi wa Vita Vikuu

Tuwakumbukapo waliokufa katika vita vya 1914 hata 1918, twawataja askari upesi, wapagazi twawasahau. Nao ndio waliojitwika vyakula na risasi, wengi kwa kulazimishwa, katika nchi ambamo mbung'o waliua farasi na nyumbu. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Unguja aliongoza kikosi chao, akaenda nao kwa miguu. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa na njaa. Majina ya maelfu hayakuandikwa popote. Katika sanamu ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, asimamaye juu ni askari. Jina la wapagazi limebaki Kariakoo, palipokuwa kambi yao. Nasi tulinunua mchicha pale miaka mingi, tusijue.