Tabora na Umri wa Watu Wake

Ipole ni kijiji cha wilaya ya Sikonge, kusini ya Tabora, mahali ambapo njia itokayo Tabora hugawanyika: moja huenda Mpanda, na ya pili hushika Rungwa kuelekea Mbeya. Katika nchi hii ya Wanyamwezi, kwa zaidi ya miaka 150, njia ndiyo iliyoamua ni watu wa umri gani waonekanao nyumbani, na ni wa umri gani walio safarini. Basi mwenye kusimulia kukua kwa Tabora kwa kutaja jumla ya watu peke yake huwa hajaieleza bado.

Wafanya biashara wa Kiarabu walifanya maskani yao hapo yapata mwaka 1852, katika nchi ya mtemi wa Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walipowasili Novemba 1857, mahali penyewe paliitwa Kazeh. Wala hapakuwa na nyumba zilizosongamana, bali matembe yaliyotawanyika, kila moja na mashamba yake. Wakazi waliongezeka na kupungua kwa majira. Misafara ilipoingia, mabarobaro walijaa; ilipoondoka, walisalia wazee, wanawake wenye watoto wachanga, na watumwa, ambao wengi wao walikuwa wanawake na watoto waliotolewa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Burton aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuwa upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume kwa Wanyamwezi, na kwamba mtoto wa kiume alianza kujizoeza kwa kubeba pembe ndogo. Alipokomaa, alichukua mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, akatembea miezi kadhaa. Asiyeiona pwani aliweza kudharauliwa kama mtoto, hata miaka yake ikiwa mingi. Hivyo umri ulihesabiwa kwa safari pia. Wanawake nao walifuatana na misafara, jambo ambalo waandishi wengi wa zamani walilipita bila kulitazama.

Vita vya Mirambo na Waarabu, vilivyoanza mwaka 1871, viliwavuta vijana wale wale, safari hii kwa bunduki, wakaitwa rugaruga. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mzigo ukashuka mabegani. Lakini kijana hakutua. Katika zama za Waingereza mashamba ya katani ya Tanga yalimwita, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda shirika lao la kuajiri wafanya kazi kutoka bara. Wengi walikwenda bila wake zao. Kazi ya kulima ikawaelemea wanawake, na wazee waliokuwa wamestahili kupumzika wakarudia jembe.

Ni katika hali hiyo sensa ya mwaka 1948 iliwakuta watu. Hapo pana jambo la kumtahadharisha mwanafunzi. Wengi hawakujua mwaka wa kuzaliwa kwao, na makarani wa sensa walilazimika kukisia umri kwa matukio: huyu alizaliwa kabla ya reli, yule wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Penye makisio watu hupenda tarakimu iliyo nzima; ndiyo sababu katika sensa za namna hii wenye miaka 30 na 40 huonekana wengi kupita kiasi, na wenye 31 au 41 wachache. Mtu asiyejua hayo anaweza kubuni njaa au tauni isiyokuwapo, ili aeleze pengo lililofanywa na kalamu.

Mwaka 1967 mji wa Tabora ulihesabiwa watu kama 21,000. Manispaa ilikuwa na 226,999 mwaka 2012, na 308,741 mwaka 2022. Tarakimu hizi hazilingani sawasawa, kwa kuwa manispaa ina vijiji na mashamba ndani ya mipaka yake. Hata hivyo ongezeko la miaka kumi ya mwisho, watu zaidi ya 81,000, si dogo. Katika Tanzania nzima watu zaidi ya wanne katika kila kumi hawajatimiza miaka 15, kwa hiyo sehemu kubwa ya ongezeko ni watoto waliozaliwa. Pengine wakubwa wa mji, waonapo tarakimu kubwa, hufikiria viwanja na masoko. Lakini mtoto wa miaka sita hanunui kiwanja, hutaka darasa. Tena Tabora ni mji wa shule za bweni tangu zamani. Julius Nyerere alisoma huko kuanzia mwaka 1937. Wanafunzi hao huvimbisha hesabu ya vijana, kisha huondoka na vyeti vyao, kama wapagazi walivyoondoka na pembe.

Mtoto aliyehesabiwa Ipole mwaka 2022 akiwa na miaka 12, sensa ijayo, ikifanywa baada ya miaka kumi kama ilivyo desturi, itamkuta ana miaka 22. Yamkini karani atamwandika Tabora, au Mpanda, au Mbeya. Na Ipole ataandikwa bibi yake, pamoja na wajukuu.