Lindi ilipokuwa kituo cha safari ya Durban

Juni 1937, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza kusafirisha abiria na barua kati ya Southampton na Durban kwa ndege zinazotua majini. Njia ilipita Misri na Sudan, ikagusa Kisumu, ikateremkia pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Kisiwa cha Msumbiji, Beira, hadi Durban.

Ndege hizo za injini nne, zilizoundwa na kampuni ya Short, hazikuhitaji uwanja. Lindi ilikuwa na ghuba iliyotulia, na hiyo ilitosha. Kwa utaratibu wa safari zile, motaboti ilitangulia kukagua maji yasiwe na magogo wala vyombo vya wavuvi. Ndege ikishatua na kufungwa kwenye boya, abiria waliletwa pwani kwa boti. Usiku walilala nchi kavu, ndiyo maana safari nzima ilikula siku kadhaa.

Kwa nini Lindi? Ndege ile ikijaa mafuta ilikwenda kama kilomita 1,200. Dar es Salaam hadi Kisiwa cha Msumbiji ni zaidi ya kilomita 900, na rubani hawezi kumaliza akiba yake huku upepo wa mbisho ukimngoja njiani. Kwa mwendo wa kilomita 265 kwa saa, Dar hadi Lindi ilikuwa saa moja na ushei, kisha saa mbili hivi hadi Msumbiji.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyoitajirisha Kilwa karne nyingi kabla. Jahazi za Arabuni zilishuka na kaskazi, zikarudi na kusi. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa masafa ambayo nahodha angeweza kwenda na kurudi katika msimu mmoja. Dhahabu ya Sofala, kusini zaidi, ilimfuata mfanyabiashara Kilwa, na masultani wakatoza ushuru. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliambiwa kuwa Sofala ni mwendo wa nusu mwezi. Mwaka 1937, ndege iliyotoka Lindi ilihitaji saa tano na kidogo angani kufika Beira, jirani ya Sofala.

Italia ilipoingia vitani Juni 1940, njia ya Southampton ilikatika. Durban ikaunganishwa na Sydney kupitia Cairo, na ndege zikaendelea kupita pwani yetu. Baada ya vita zilikuja ndege za nchi kavu zenye masafa marefu, na haja ya kutua Lindi ikaisha.

Wakazi wakabaki na barabara iliyokatwa na Mto Rufiji. Walingoja kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea safari ya Dar iliweza kukwama kabisa. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003.

Daraja hilo ni neema kubwa, lakini historia ya Kilwa na Lindi inatudai zaidi. Miji hii ilistawi kwa sababu msafiri alilazimika kutua. Leo halazimiki, kwa hiyo ni juu yetu kumpa sababu: bandari inayofanya kazi, magofu yanayotunzwa, soko la ufuta na korosho linalomlipa mkulima. Bila hayo, barabara nzuri itamsaidia tu msafiri kutupita haraka zaidi.