Rangi Ilivyotenganishwa na Kivuli Chake

Chukua pambo moja la albamu ya harusi inayotengenezwa kwa kompyuta: picha ya utepe mwekundu wa hariri. Sare ya maharusi ni ya zambarau. Mtengenezaji anafungua programu ya kuhariri picha, anasogeza kipimo kimoja kwa mausi, na utepe unageuka wa zambarau huku mikunjo, vivuli na mng'ao wa hariri vikibaki vilevile. Ni kazi ya sekunde chache, lakini nyuma yake kuna zaidi ya karne mbili za kutafuta namna ya kuitenganisha rangi na mwanga.

Mapambo ya albamu yalikuwepo kabla ya kompyuta. Katika karne ya 19, Waingereza na Wamarekani walipenda kubandika madaftarini vipande vya karatasi vyenye maua, ndege na malaika, vilivyochapwa kwa rangi na kukatwa kwa kufuata umbo la picha. Wachapaji wa Ujerumani ndio waliotawala soko hilo. Mapenzi ya madaftari hayo yalikuwa makubwa hata mwandishi Mark Twain akabuni lake. Mwaka 1873 alipewa hataza ya daftari lenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi. Mtu alilowesha tu, akabandika.

Rangi, hata hivyo, haikubadilika. Vipande hivyo vilichapwa kwa mawe, kila rangi na jiwe lake, na picha moja nzuri iliweza kuhitaji mawe zaidi ya 10. Aliyetaka waridi la njano badala ya jekundu alinunua jingine. Akijaribu kulipaka rangi juu, alivifunika vivuli vyake, na ua likabaki bapa.

Wakati huo dawa ilikuwa imeanza kupikwa kwingine. Mwaka 1704, katika kitabu chake *Opticks*, Isaac Newton alizipanga rangi katika duara. Mwaka 1905, Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Boston, alichapisha mfumo uliosema kwamba rangi yoyote hujulikana kwa mambo matatu: ni rangi gani, ina mwangaza kiasi gani na imekolea kiasi gani. Mwaka 1938 Mfaransa Georges Valensi aliliingiza wazo hilo kwenye mitambo. Alitaka matangazo ya televisheni yabebe mwanga peke yake na rangi peke yake, ili hata wenye televisheni zisizo na rangi waendelee kuyapokea.

Wazo hilo liliifikia kompyuta katika miaka ya 1970, kwenye maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Mwaka 1973 Richard Shoup alikamilisha mtambo wa kuchorea ulioitwa SuperPaint, ulioweza kuonyesha rangi 256 kwa wakati mmoja. Mwenzake, Alvy Ray Smith, aliona shida. Kioo cha kompyuta huchanganya nyekundu, kijani na bluu, lakini mchoraji hafikirii hivyo. Ukiongeza bluu kwenye utepe mwekundu kwa kukisia, vivuli navyo huingia bluu na mng'ao hupotea. Smith akatunga hesabu ya kuzigeuza namba hizo tatu ziwe zile sifa tatu za mchoraji, akaichapisha mwaka 1978.

Katika hesabu hiyo rangi ni nyuzi za duara: nyekundu ipo kwenye 0, kijani kwenye 120, bluu kwenye 240. Kubadili utepe ni kuizungusha kila nukta yake kwa nyuzi zilezile, bila kugusa mwangaza wala ukolevu. Nukta iliyokuwa kivulini hubaki kivulini.

Ilibaki shida ya kingo. Pambo halina umbo la mraba, na lazima kilicho chini yake kionekane pembeni. Mwaka 1977 Smith na Ed Catmull, wakiwa New York, waliipa kila nukta namba ya nne, inayosema nukta hiyo inapitisha kiasi gani cha kilicho nyuma yake. Mfumo wa faili wa PNG, uliopitishwa mwaka 1996, uliwezesha mapambo yenye kingo laini kusafiri kwenye intaneti bila mandharinyuma nyeupe.

Programu ya kuhariri picha ya Photoshop ilianzishwa mwaka 1987 na Thomas Knoll, mwanafunzi wa udaktari Michigan, kwenye kompyuta ambayo kioo chake hakikuwa na rangi kabisa. Kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1990. Matabaka, yaani picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, yaliingia mwaka 1994, na mwaka 1996 yakaja matabaka ya marekebisho, yanayobadili rangi bila kuigusa picha ya asili.

Wateja wa mapambo ya kompyuta nao walikuwa wakiandaliwa. Mwaka 1980, kwenye mkutano wa kumbukumbu za koo huko Salt Lake City, Utah, Marielen Christensen alionyesha albamu za familia yake, na mwaka uliofuata familia hiyo ikafungua duka la vifaa vya albamu. Biashara ya karatasi, vifungo na tepe ikashamiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi walihamia kwenye kompyuta, wakanunua mapambo kwa mafungu na kuyabadili rangi walivyotaka.

Hesabu ya Smith ina mipaka yake. Lulu nyeupe haigeuki hata ukizungusha duara lote, kwa sababu haina ukolevu wa kuzungushwa. Lazima kwanza iongezewe ukolevu, ndipo rangi ionekane. Njano ikigeuzwa bluu huonekana nzito ghafla, ingawa namba zake za mwangaza hazijabadilika, kwa kuwa jicho la mwanadamu huiona njano kuwa angavu zaidi. Hapo hesabu hiyo haina la kusema, na kazi inabaki kwa mtengenezaji.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza albamu, badili rangi kwenye tabaka la marekebisho na pambo la asili ulihifadhi. Soma pia masharti ya aliyelichora: kugeuza rangi hakukufanyi mwenye pambo.