Kabla Hujailaumu Kompyuta: Zaidi ya Karne Moja ya Kunasa Sauti ya Nyuzi

Kilimatinde imekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilayani Manyoni, pale ambapo misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumua baada ya kuvuka Ugogo na kabla ya kuliingia pori la Mgunda Mkali kuelekea Tabora. Wajerumani walijenga boma lao hapo. Kisha ikaja Reli ya Kati, ikapanda ukingo kwa kupitia Saranda na Manyoni, ikafika Tabora mwaka 1912 na kuiacha Kilimatinde kando. Tangu siku hizo, aliyetaka sauti yake inaswe kwenye mashine alikuwa na njia mbili tu: aifuate mashine ilipo, au angoje mgeni aje nayo.

Leo hali imegeuka. Kijana mwenye gitaa, kompyuta mpakato na programu ya bure kama Audacity anaweza kurekodi chumbani kwake. Anabonyeza kitufe chekundu, anapiga, anasikiliza, na hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Sauti inaunguruma. Inakoroma. Iko mbali kama imepigwa kisimani. Inachelewa. Haraka haraka anailaumu kompyuta, au anatafuta programu nyingine.

Ukiifuata historia ya kunasa sauti Afrika Mashariki, utaona kwamba malalamiko hayo, isipokuwa moja, yalikuwepo kabla kompyuta haijazaliwa. Kila kizazi kilikutana nayo na kikapata dawa yake. Anayeanza leo akizijua dawa hizo, ataokoa fedha nyingi.

Nta na pembe

Fonografu ya Edison ilibuniwa mwaka 1877. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti kutoka Leipzig, alizunguka Lindi, Masasi na Newala akiwa nayo. Mashine hiyo haikutumia umeme. Mtu aliimba mbele ya pembe, mtetemo wa sauti ukaisukuma sindano, na sindano ikachora mfereji kwenye mtungi wa nta uliokuwa ukizunguka. Dakika mbili au tatu, mtungi umejaa. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, msimamizi wa hazina ya fonogramu ya Berlin, alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, majirani wa Ugogo upande wa magharibi.

Katika zama hizo vyombo vya nyuzi ndivyo vilivyoumia kuliko vyote. Mwimbaji wa kifua kipana aliweza kuisukuma sindano, lakini zeze lilikuwa halina nguvu hiyo, kwa hiyo mpigaji ilibidi asogee karibu kabisa na pembe. Kanuni hiyo haijafutwa na teknolojia yoyote. Ukiongeza umbali kati ya gitaa na maikrofoni mara mbili mahali pa wazi, sauti ya gitaa hupungua kwa desibeli 6, na ndani ya chumba mwangwi wa kuta hubaki karibu vilevile. Sauti ya kisimani inatokana na umbali huo. Kwa gitaa la kawaida lisilo la umeme, weka maikrofoni kiasi cha sentimita 20 hadi 30, ielekee pale shingo inapokutana na mwili. Usiielekeze kwenye tundu, maana hapo sauti nzito huvuma na kufunika nyuzi nyembamba.

Wagogo wenyewe wana somo jingine kuhusu kelele. Kwenye ubao wa marimba yao ya vidole huwa kuna matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, ili kila ulimi ukiguswa utoe mvumo juu ya nota. Mvumo huo ni sehemu ya muziki, na mrekodi asiyejua angeuhesabu kuwa kasoro. Ndivyo ilivyo hata kwenye gitaa. Mkwaruzo wa vidole vikihama kwenye nyuzi ni uhai wa mpigaji, lakini uzi unaogonga freti kwa sababu umechakaa au shingo imepinda ni ubovu. Ukijua tofauti hiyo mapema, hutapoteza usiku mzima ukifuta kitu ambacho msikilizaji angekipenda.

Mashine inapomfuata mpigaji

Kurekodi kwa maikrofoni na umeme kulianza kuenea mwaka 1925. Miaka mitatu baadaye, 1928, mwimbaji Siti binti Saad na wenzake wa Zanzibar walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Walisafiri hivyo kwa sababu mitambo ilikuwa huko.

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliingia Tanganyika na mtambo wake garini, na nyimbo za Wagogo zimo katika kazi aliyoifanya. Mwaka 1952 alifika Jadotville, Katanga, mji unaoitwa Likasi leo. Huko alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco, aliyepiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada huku akiimba Kiswahili cha Katanga. Upigaji huo ulisambaa kwa santuri na redio, ukawafundisha vijana wengi wa Nairobi na kwingineko ambao hawakuwahi kumwona.

Tracey alikuwa na mazoea ya kuishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kwa mwimbaji au kwa chombo kadiri wimbo ulivyotaka. Alisawazisha sauti kwa kusogea. Anayeanza leo ana vitufe vingi kwenye kioo, lakini jaribio la kwanza lingali lile lile: sogeza maikrofoni kiganja kimoja, rekodi tena, linganisha.

Magitaa matatu, chumba kimoja

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawapo Radio Tanzania Dar es Salaam. Hapo ndipo bendi za nchi nzima zilipopata studio. Morogoro Jazz iliyoanzishwa 1944, NUTA Jazz ya 1964, Tabora Jazz, Western Jazz na nyingine nyingi ziliingia zikiwa na solo, ridhimu na besi, zikapiga vyombo vyote kwa mkupuo mmoja kwenye utepe. Mpiga solo akikosea ubeti wa mwisho, bendi nzima inarudia mwanzo.

Kwa hiyo kazi ilifanywa kabla ya utepe kuzunguka. Magitaa yaliwekwa sawa, wimbo ulishachujwa jukwaani kwa wiki nyingi, kila mtu alijua pa kuingia na pa kunyamaza. Ukizisikiliza rekodi hizo sasa, solo na ridhimu hazigombani, kwa kuwa moja imechukua juu na nyingine katikati. Mtindo wa kurekodi kila chombo kwenye traki yake ulikuwa umeshaanza Marekani, ambako Les Paul alipata mashine ya traki nane mwaka 1957. Uhuru huo ulipofika kwetu ulikuja na uvivu wake, ule wa kusema "tutarekebisha baadaye". Gitaa lisilopatana halirekebishiki baadaye. Lipatanishe kabla ya kila jaribio, na nyuzi zikiwa mpya zivute mara kadhaa, maana hulegea.

Santuri zilitengenezwa Nairobi, kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa, njia hiyo ikawa finyu. Utepe wa redio ukabaki ndio kumbukumbu kuu ya enzi hizo.

Redio kaseti na betri chovu

Kaseti ilibuniwa na Philips mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1980 redio kaseti ilikuwa imeingia hadi vijijini. Kwaya, harusi na ngoma zikaanza kurekodiwa na wenyewe.

Mashine hizo nazo zilikuwa na vituko vyake. Betri ikichoka wakati wa kurekodi, utepe huenda polepole. Ukiucheza baadaye kwa betri mpya, kwaya nzima inaimba kwa sauti za watoto. Kasoro hiyo ipo hadi leo kwa vazi jingine. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde halafu programu ikaisoma kazi hiyo kana kwamba ni 48,000, wimbo utakwenda mbio na kupanda karibu nusutoni moja na nusu. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba programu, kompyuta na saundi kadi zote zimewekwa kwenye namba moja kabla ya kuanza.

Kituko cha pili ni kipimo cha sauti. Redio kaseti nyingi zilijipandishia sauti zenyewe mtu aliponyamaza, kiasi kwamba katikati ya beti uliusikia upepo na jogoo wa jirani. Maikrofoni ya ndani ya kompyuta mara nyingi hufanya vilevile, na juu yake huweka kichujio cha kuondoa kelele, ambacho huuchukulia mlio mrefu wa uzi kuwa kelele na kuufifisha. Zima mipangilio hiyo yote ya kujiendesha.

Kinanda chaingia, gitaa lasogezwa

Lugha ya MIDI ya kuunganisha vinanda na kompyuta ilitangazwa mwaka 1983. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango wa redio binafsi Tanzania, na studio za Dar es Salaam kama MJ Records na Bongo Records zikajenga bongo fleva juu ya biti za kompyuta. Kinanda kilichomekwa tu, wakati gitaa lilidai chumba, maikrofoni na mpigaji. Nyimbo nyingi zikaendelea bila gitaa. Hata hivyo Hukwe Zawose, Mgogo aliyebeba zeze na marimba hadi majukwaa ya dunia, alitoa albamu ya Assembly mwaka 2002 pamoja na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada, na nyuzi za Ugogo zikasimama sawia na vyombo vya studio.

Kompyuta ndiyo iliyoleta kasoro moja mpya kabisa: kuchelewa. Utepe ulikuwezesha kujisikiliza papo hapo. Kompyuta hukusanya sampuli kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, huzichakata, kisha huzitoa. Bafa ya sampuli 512 kwa kasi ya 44,100 ni karibu milisekunde 12 kuingia na nyingine 12 kutoka. Jumla 23 hivi, sawa na kusimama mita 8 kutoka kwenye amplifaya yako. Mkono unaanza kusitasita, mapigo yanapotea. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ilileta ASIO, mfumo wa draiva unaozikwepa njia ndefu za Windows, na kuchelewa kukapungua sana.

Mezani Kilimatinde

Twende sasa kwa mpangilio. Kasoro ifuatwe kuanzia kwenye uzi hadi kwenye kompyuta, hatua moja kwa wakati.

Kwanza, waya. Gitaa la umeme likichomekwa kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta hutoa sauti butu na dhaifu, kwa kuwa tundu hilo halikutengenezwa kwa gitaa. Saundi kadi ya USB yenye tundu la jeki nene na kitufe cha kuchagua chombo humaliza tatizo hilo. Kama unatumia maikrofoni ya kondensa na hakuna kinachosikika, tazama kitufe cha volti 48.

Pili, mngurumo. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na mtetemo wake maradufu uko kwenye 100. Nota ya G ya uzi mnene wa gitaa iko 98. Ukiukata mngurumo kwa programu, umeikata na nota. Fanya hivi: rekodi ukiwa umegusa nyuzi, kisha ukiwa umeziachia. Mngurumo ukipungua ukigusa, tatizo liko upande wa ethi au waya wa gitaa. Chomoa chaja ya kompyuta na utumie betri. Mngurumo ukikata, umempata mwizi. Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja yenye ethi, na usikate kamwe pini ya ethi. Anayetumia sola na inveta ya bei nafuu naye arekodi kwa betri ya kompyuta.

Tatu, kukoroma. Utepe ulizidiwa taratibu. Kompyuta hukata kilele cha sauti ghafla na hakirudi. Piga kwa nguvu yako yote, kisha shusha geini mpaka kilele kiishie karibu desibeli 12 chini ya sifuri. Kwa rekodi ya biti 24, nafasi hiyo haiharibu chochote.

Nne, kuchelewa. Funga programu nyingine, zima Wi-Fi, chagua draiva ya ASIO ikiwa programu yako inaipokea, na ushushe bafa hadi 128 wakati wa kurekodi. Sauti ikianza kukatakata, panda hadi 256. Wakati wa kuchanganya traki, rudi 1,024. Saundi kadi ikiwa na swichi ya kujisikiliza moja kwa moja, itumie. Na ukijisikia mara mbili, zima usikilizaji wa kwenye programu.

Tano, chumba. Bati likipigwa na mvua halina dawa: ngoja. Upepo wa kiangazi na mwangwi wa kuta tupu hupunguzwa kwa mablanketi na godoro. Jisikilize kwa hedifoni badala ya spika.

Rekodi ni ya nani

Mitungi ya nta ilikwenda Ujerumani. Hazina ya Tracey iko Makhanda, Afrika Kusini. Tepe za redio ziko Dar es Salaam. Mjukuu wa Ugogo anayetaka kumsikia babu yake analazimika kuomba kwa wengine, na wakati mwingine hakuna jina la aliyepiga.

Rekodi ya chumbani inaweza kuepuka hatima hiyo, lakini kwa jitihada. Dakika moja ya traki moja ya biti 24 ni takriban megabaiti 8, kwa hiyo wimbo wa traki sita wa dakika nne unaingia kwenye diski mweko yoyote. Hifadhi faili za WAV, wala si MP3 pekee, mahali pawili tofauti. Liite kila faili kwa jina la wimbo, la mpigaji, la mahali na tarehe. Kazi ikikamilika, fuata taratibu za hakimiliki, ambazo zina sheria yake tangu 1999. Yote hayo hayazidi nusu saa baada ya kurekodi, na ndiyo kazi ambayo wageni waliokuja na mashine zao waliifanya zaidi yetu.