Madirisha Kendu Bay: Kagua kwanza kabla ya kung'oa

MWENYE nyumba mjini Kendu Bay, kwenye ufuo wa kusini wa Ghuba ya Winam katika Kaunti ya Homa Bay, hukabiliwa na maswali mawili anapofikiria madirisha yake: yapitishe upepo kiasi gani, na yazuie mbu kwa njia gani. Lipo swali la tatu ambalo huulizwa kwa nadra: je, dirisha hilo limeyagharimu nini mazingira kabla ya kupachikwa ukutani?

Barani Ulaya, dirisha hubadilishwa ili joto la nyumbani lisipotee. Nchini Uingereza, kwa mfano, madirisha mapya yanayochukua nafasi ya yale ya zamani yamesimamiwa na kanuni za kuhifadhi nishati tangu 2002, na vioo vya tabaka mbili vimekuwa jambo la kawaida.

Hali ya Kendu Bay ni tofauti. Mji huu uko karibu sana na ikweta, zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi hazina mashine ya kupasha joto wala ya kupoza hewa. Hapa adui ni jua, wala si baridi. Anayenunua vioo vya tabaka mbili kwa sababu tu vinasifiwa ng'ambo atakuwa amelipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Jua na upepo

Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwani joto huwa limekwisha kuingia. Kinga ya kweli ni kivuli cha nje: upenu wa paa, baraza au mti.

Upande ambao dirisha linaelekea nao una uzito mkubwa. Jua la asubuhi na la jioni huwa chini, hivyo huzipiga kuta za mashariki na magharibi moja kwa moja hata penye upenu mpana. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua lililo juu zaidi, na upenu wa kawaida huweza kuzikinga.

Kwa bahati njema, ziwa liko upande wa kaskazini wa mji. Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na kwa kawaida upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku hugeuka na kuelekea huko. Madirisha mawili yanayoelekeana, moja kaskazini na jingine kusini, huweza kunufaika na upepo huo bila kukaribisha jua kali. Dirisha moja pekee chumbani, hata likiwa kubwa, halitoshi, maana hewa inayoingia hukosa pa kutokea.

Wajenzi wa mwambao walilitambua jambo hili zamani. Katika miji ya Lamu na Mombasa, madirisha ya vibao vilivyolazwa mshazari huingiza hewa huku yakizuia jua na macho ya wapita njia. Seremala yeyote hodari anaweza kuyatengeneza.

Gharama isiyoonekana

Kutengeneza kilo 1 ya alumini mpya huhitaji takriban uniti 14 za umeme. Kilo 2 tu, basi, hukaribia uniti 30, ambazo tangu 2023 ndizo kikomo cha mwezi cha mteja wa nyumbani wa kiwango cha chini kabisa nchini Kenya. Alumini iliyoyeyushwa upya kutoka kwa vyuma kuukuu hutumia karibu asilimia 5 tu ya nishati hiyo. Kioo nacho huyeyushwa katika joto la nyuzi 1,500 hivi.

Mbao hutumia nishati kidogo zaidi, ila swali huwa zimetoka wapi. Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mnamo Februari 2018, na Rais William Ruto akatangaza kuiondoa Julai 2023. Mbao za miti iliyopandwa shambani, kama vile mgrivea, ni chaguo salama kuliko za msitu wa asili, mradi zikaushwe vyema na kupakwa dawa ya kuzuia mchwa.

Kwa hivyo, fremu ya chuma iliyoanza kushika kutu si ya kutupwa. Fundi wa juakali anaweza kuisugua, kuchomelea palipooza, kubadilisha bawaba na kuipaka rangi ya kuzuia kutu. Hata hivyo, rangi kuukuu huenda ikawa na madini ya risasi. Isuguliwe ikiwa imelowanishwa, watoto wakiwa mbali.

Kinga dhidi ya mbu

Eneo la Ziwa Victoria ndilo linaloathiriwa zaidi na malaria nchini. Familia nyingi hufunga madirisha jioni kuwakimbia mbu na wadudu wadogo wa ziwani, kisha hulala katika joto. Wavu wa waya huondoa kikwazo hicho.

Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kuchapishwa 2009 ulionyesha kuwa nyumba zilizowekewa wavu madirishani na milangoni, na kuzibwa mianya ya paa, zilipunguza mbu ndani kwa asilimia 59. Upungufu wa damu miongoni mwa watoto ulipungua pia. Hapa pana funzo: mbu wa malaria hupendelea kuingia kupitia mwanya kati ya ukuta na paa. Anayeweka wavu dirishani na kuuacha mwanya huo wazi amefunga mlango mdogo na kuacha mkubwa.

Wavu hupunguza upepo kiasi. Ni heri basi kupanua dirisha kidogo unapouweka. Neti ya kitandani iendelee kutumika.

Utaratibu unaofaa

Kabla ya kung'oa dirisha lolote, fuata mpangilio huu: weka kivuli upande wa magharibi na mashariki, ziba mianya ya paa, weka wavu, karabati fremu zilizopo, toboa dirisha la pili pale ambapo hewa haina pa kutokea. Lile lililooza kabisa ndilo libadilishwe, na kioo chake kizima kitumike tena.

Atakayefuata njia hii huenda akagundua kuwa, kati ya madirisha sita aliyokusudia kununua, alihitaji moja tu.