Safu ya Lugha: Mwezeshaji

Tangu korona ifunge shule na vyuo mwaka 2020 na vipindi kuhamia Zoom, karibu kila anayewasha kamera huitwa mwezeshaji. Anasoma slaidi arobaini, anauliza "mnanisikia?", anaaga. Huyo ni msomaji. Akilijua somo lake vizuri, basi ni mhadhiri.

Neno mwezeshaji limetoka kwenye kuweza: kuwezesha ni kumfanya mtu aweze. Limezoeleka sana kwenye warsha na semina (huko nako mara nyingi humaanisha tu mwenye kipaza sauti), lakini linakaa vizuri zaidi katika ufundishaji unaofuata mawazo ya wanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi na Lev Vygotsky wa Urusi. Kwao, maarifa hayamiminwi kichwani kama maji mtungini. Mwanafunzi huyajenga mwenyewe, akianzia kwenye anachokijua. Vygotsky akasisitiza pia msaada anaopata mwanafunzi kwa wenzake na kwa wanaomzidi ujuzi. Kwa hiyo mwezeshaji wa mtandaoni huwagawa wanafunzi katika vikundi vidogo, akawapa tatizo la kweli, tuseme kukadiria maji yanayopotea kwenye bomba bovu la mtaani kwao, kisha akapita kikundi hadi kikundi akiuliza maswali bila kutoa jibu.

Mkufunzi ni mwingine: hufunza vyuoni, hasa vya ualimu na ufundi, na anaweza kufunza bila kuwezesha.

Na tazama neno kujifunza: ndani yake mtu anaifunza nafsi yake mwenyewe. Basi wanaoandaa vikao vya slaidi arobaini waandike kwenye mwaliko "mhadhara". Neno hilo halina aibu.